Vipande vya Chini

Shemeji yangu Riasat hakuwahi kuingia bafu la mtu bila kusimama kwanza mlangoni. Alisimama kizingitini, viatu mkononi, akafumba macho, kisha akayafumbua ghafla, na pale macho yake yalipotua ndipo alipopiga alama ya chaki. Hapo ndipo kingekaa kigae cha kwanza, kizima, bila kukatwa. Vingine vyote alivipanga kutoka hapo, kushoto na kulia, juu na chini. Na kwa kuwa hakuna ukuta unaogawanyika sawasawa kwa vigae, vile vipande visivyoepukika alivisukumia mahali pawili: nyuma ya mlango, na chini kabisa karibu na sakafu. "Bafu huanzia mlangoni," alikuwa akisema. "Mwenye nyumba husimama hapa, na mgeni wake husimama hapa." Mji wetu wa Hafizabad mzima ulimjua kwa maneno hayo.

Sisemi kwamba hakuwa fundi. Ningependa kusema hivyo, lakini nitakuwa nimesema uongo. Mafundi wengine huanza kwenye kona wakaenda hadi ukuta uishe, halafu pembeni ya kioo unakuta utepe mwembamba wa kigae unaokutazama kila ukipiga mswaki. Riasat hakuchanganya saruji kabla hajavitandaza vigae vikavu chini, akavizunguka, akavihamisha, akaondoka kwenda kunywa chai na kurudi. Wenye nyumba walilalamika kwamba anapoteza siku. Kazi ilipokwisha walisimama pale mlangoni, wakaenda kuwaita majirani waje waone.

Mkewe ni Bilqis, na mimi ni dada yake mdogo. Nyumba yangu na yao zimegusana migongo, na juu ya paa tuliweza kupeana bakuli la mboga bila yeyote kutoka nje. Kwa hiyo kila kitu cha nyumba ile nilikiona, hata nisichotaka kukiona.

Na bafu la fundi mwenyewe nililiona kila siku. Lilikuwa kona ya ua, matofali matupu pande tatu yaliyofika kifuani, na upande wa nne gunia lililoning'inizwa kwenye waya. Juu, mbingu. Ndani kulikuwa na bomba fupi, ndoo, kopo na kigoda. Nje ya gunia alifungwa mbuzi, ambaye mara kwa mara aliingiza kichwa kutazama nani anaoga. Msimu wa mvua dada yangu alioga mara mbili kwa wakati mmoja. Januari, ukungu ulipotoka kwenye mashamba ya mpunga na kuingia uani, aliitafuta ndoo kwa kupapasa. Mganga hajigangi, walisema watu, wakacheka. Aliyekuwa akitetemeka nyuma ya gunia hakuwa mganga, alikuwa mkewe.

Vigae havikukosekana. Kila kazi ilipokwisha, mwenye nyumba alimwambia Riasat achukue vilivyobaki, naye akavileta juu ya baiskeli, akavisukumia chini ya vitanda. Vilijaa mpaka masanduku ya nguo yakahamia jikoni. Bilqis alikuwa akisema kwamba wanalala juu ya mabafu ya watu.

Kilichokosekana kilibadilika kila mwaka. Kwanza rangi hazikulingana. Kisha ukuta wa ua ukaonekana umelala kidogo, na Riasat hawezi kubandika kigae kwenye ukuta uliolala. Ukuta ukanyooshwa, ikagundulika kwamba choo kikikaa pale mtu atachuchumaa kuelekea kibla, na kikigeuzwa atakipa kibla mgongo, kwa hiyo mpango wote ukafutwa ukaanza upya. Kisha mama yake akafariki. Kisha Saima, binti yao, akaenda chuo. Kila kipupwe Riasat alichora mpango mpya kwa mkaa kwenye ukuta wa ua, mistari mizuri iliyonyooka, na kila masika mvua iliuosha.

Mchana mmoja wa kipupwe, jua lilipotoka baada ya siku nyingi za ukungu, mimi nilikuwa juu ya paa nachambua majani ya haradali. Riasat alikuwa uani na mkaa wake, anachora. Bilqis alishuka ngazi taratibu kwa sababu ya magoti yake mabovu, akalisogeza gunia, akaketi kwenye kigoda na nguo zake zote, akamwita.

"Baba Saima, njoo uone."

"Naona kutoka hapa."

"Huoni. Njoo ukae nilipokaa mimi."

"Mimi nikae bafuni na wewe mchana kweupe, na shemeji anatuchungulia toka juu? Unataka nihame mji?"

Nilicheka kule juu. Bilqis hakucheka.

"Basi sikiliza. Mimi nikioga, nimekaa. Nikifua, nimekaa. Nikiosha masufuria, nimekaa. Macho yangu yako hapa." Aliupiga ukuta kwa kiganja, karibu na bomba. "Vigae vizima viweke hapa chini. Vipande vipeleke juu, hata vikae darini, mimi sitaviona."

"Na mgeni akisimama mlangoni?"

"Mgeni ataoga mara ngapi humu?"

"Mama Saima, watu watasema Riasat amepanga bafu kichwa chini miguu juu."

"Waache waseme. Ni bafu langu au lao?"

Riasat alijifuta mkaa kwenye suruali yake ya shalwari. "Nitaangalia," akasema.

Dada yangu alipanda paani akitabasamu, akakaa pembeni yangu, akavuta fungu la majani. "Atafanya," aliniambia. "Mimi sijawahi kumwomba kitu." Ilikuwa kweli. Wanawake wa mtaa wetu wameomba vipuli, wameomba cherehani, wameomba kwenda kwao kila Idi. Bilqis aliomba vigae vizima usawa wa macho yake, basi. Jioni ile tulipika mboga ya haradali na mikate ya mahindi, na yeye akamwekea mumewe siagi kipande kikubwa kuliko kawaida.

Akangoja. Subira yavuta heri, wanasema. Ile ya dada yangu ilivuta posa ya Saima kutoka kwa watu wa Lahore.

Walikuwa watu wa duka la vitambaa, na baba wa kijana aliitwa Haji Ikram. Mwanamke aliyeleta posa alituonya mapema. Alisema watu wale hawaangalii msichana kwanza. Wakifika, kabla hata ya chai, huomba mahali pa kunawa mikono, na wakitoka huko tayari wameshaamua. Riasat alimsikiliza, akageuka, akalitazama gunia na mbuzi wake. Sikuwahi kumwona amefedheheka namna ile.

Jambo lililoshindikana tangu Saima hajazaliwa likafanyika ndani ya wiki moja. Matofali yakaja, bafu jipya likasimama upande wa pili wa ua, paa likawekwa, mlango wa mbao ukatundikwa, choo kikageuzwa kwa namna ambayo kibla hakikuguswa mbele wala nyuma. Ikaonekana kumbe njia ilikuwepo. Vigae vikatoka dukani, vyote rangi moja, vyeupe vyenye tawi la buluu. Bilqis alibeba matofali na magoti yale yale, na nilipomwambia apumzike alinijibu kwamba mtu hachoki akijenga chake.

Siku ya kupanga vigae nilikuwepo. Riasat alisimama mlangoni kama alivyosimama kwenye milango ya watu wote, akafumba macho. Dada yangu alikuwa nyuma yake na sinia ya chai. Akafumbua macho, akanyoosha mkono, akapiga chaki kwenye ukuta wa mbele, usawa wa kifua cha mtu aliyesimama.

Bilqis alizungumza polepole. "Baba Saima, tulisemaje?"

"Wanakuja Jumapili."

"Najua wanakuja. Nauliza tulisemaje."

"Unataka mtoto aolewe, au unataka kucheza na ukuta?"

Bilqis alikuwa mama mwenye binti. Aliiweka sinia chini, akaenda kukanda unga. Mimi nilibaki nikimwangalia yule bwana akitandaza vigae vyake vikavu na kuhesabu kwa midomo, nikamsogezea chai yake, kwa kuwa na mimi nilitaka Saima aolewe.

Alivyopanga, chini kulibaki nafasi nyembamba ukuta mzima. Akaijaza vipande vyembamba kama vijiti vya karoti za achari. Palipotoka bomba ilibidi aunganishe vijipande vitatu vinne, na huko alitumia hata vile vilivyomeguka pembe, asivipoteze bure. Alijua anachofanya. Hakuna mtu aliyejua zaidi yake wapi jicho linafika na wapi halifiki.

Jumapili wakaja. Haji Ikram, bwana mnene mwenye shali nzuri, aliomba kunawa mikono. Alisimama mlangoni, akaangalia, akasema mashallah, hata kwao Lahore hajaona mistari iliyokutana namna hii. Riasat aliinamisha kichwa kama bwana harusi. Posa ikakubaliwa kabla chai haijapoa, na Saima akaolewa baada ya mavuno ya mpunga. Ndoa yenyewe haina neno, kijana ni mpole. Hilo nalishukuru.

Wageni wa harusi walipoondoka, Riasat akanunua kufuli.

"Liwe la wageni," alisema. "Wakwe wanakuja bila kupiga simu. Wakute pakavu, pasafi."

Kwingine mgeni hupewa jembe siku ya tatu. Kwetu mgeni hupewa bafu na mwenyeji anarudi kwenye gunia. Na msidhani Riasat peke yake ndiye mwenye ugonjwa huo. Mtaani kwetu kila nyumba ina chumba kilichofungwa, na seti ya vikombe ambavyo midomo ya wenyewe haijawahi kuvigusa. Kile kibanda cha matofali hakikuwa kimebomolewa, mbuzi alikuwa pale pale. Ufunguo akapewa Bilqis autunze, naye akaufunga fundo kwenye ncha ya shali yake.

Nilivumilia mpaka ukungu uliporudi. Asubuhi moja nilimsikia akikohoa nyuma ya gunia, maji yakimwagika, meno yakigongana. Nikamngoja atoke.

"Dada, ufunguo unao wewe. Shemeji yuko kazini mpaka jioni. Chemsha maji, ingia, ufunge mlango, uoge kama binadamu. Nani atakuona?"

"Niliingia."

"Lini?"

"Siku wageni wa harusi walipoondoka, kabla ya kufuli. Nikaweka kigoda, nikakaa. Unajua nilikuta nini mbele yangu? Vile vipande. Vyote alivyowaficha wao wasivione, ameniwekea mimi usoni."

"Ni vigae tu, dada."

"Kwako ni vigae. Mimi nilimwambia. Nilikaa nikamwonyesha kwa mkono. Angekuwa hajui ningesema hajui." Alikamua maji kwenye nywele zake. "Heri gunia. Gunia sikuliomba kitu."

"Hicho ni kiburi, Bilqis. Kiburi cha kijinga kabisa."

"Ninacho. Humu ndani ndicho kitu changu peke yangu, niachie."

Nilimwachia. Niliona haya kumshika mkono mtu mzima nikamwogeshe kama mtoto.

Daktari alisema mapafu. Sibishani na daktari. Kifua cha dada yangu kilikuwa kibovu tangu tukiwa wadogo, na mama yetu alikuwa akimsugua mafuta ya haradali kila kipupwe. Lakini mtu anayeoga maji ya bomba nyuma ya gunia kabla ya sala ya alfajiri, katika baridi inayoua hata ndama, haulizwi amekufa kwa nini. Hilo nilisema siku ile na leo nalisema. Bilqis alifariki asubuhi, ukungu ukiwa umekaa juu ya ua hata mbuzi haonekani.

Akaja Mai Rasulan, ambaye huosha maiti wa kike mtaani kwetu. Alitazama kile kibanda, akatazama mlango uliofungwa.

"Tutamwoshea wapi? Hapa nje haiwezekani, hakuna stara."

Wote wakanitazama mimi. Nikaenda kitandani alipolazwa, nikaitafuta ncha ya shali yake. Fundo lilikuwa limekazwa na maji na siku nyingi, vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi, nikalifungua kwa meno. Kufuli lilikuwa na kutu kidogo.

Tukaingiza ubao. Wanaume walichemsha maji uani, na Riasat ndiye aliyezileta ndoo mpaka kizingitini. Kwetu mke akishafariki, mumewe hamwoshi. Hukabidhi maji, basi. Alisimama pale pale aliposimama siku ya chaki, ndoo mkononi, macho mekundu. Nikaipokea ndoo, nikaufunga mlango mbele yake.

Mimi nilikaa upande wa kichwa, kwenye kigoda chake mwenyewe, nikimwaga maji taratibu huku Mai Rasulan akiosha. Ndipo nilipoviona. Bilqis alikuwa amegeuziwa ukutani, na mbele ya uso wake kulikuwa na vile vijiti vya vigae, safu nzima, vingine vipana zaidi, vingine vimemeguka, saruji imejaa pale pembe ilipokosekana. Ukinyanyua kichwa unaona uzuri wote uko juu, matawi ya buluu yamepangana, yanamtazama mtu wa mlangoni. Chini pale hapakuwa na tawi hata moja lililokamilika. Nilimchukia Riasat kwa moyo wangu wote, na nilijichukia mimi niliyemwambia dada yangu kwamba ni vigae tu.

Tulipomaliza na kumvika sanda, akatolewa akalazwa uani. Wanaume walihitaji kutawadha kwa ajili ya sala, na sakafu ilikuwa imejaa maji, kwa hiyo Riasat akachukua kitambaa akaingia kukausha. Nilitarajia hatakawia kurudi, ila alikawia. Nikafuata ndoo zangu, nikamkuta amechuchumaa pembeni ya kigoda, kitambaa kinachuruzika mkononi, uso wake uko karibu na bomba. Alikuwa akipitisha kidole kwenye vile vipande, kimoja kimoja. Alinisikia na hakugeuka. Neno la kumwambia lilikuwa limeshasemwa zamani, na aliyelisema alikuwa ndani ya sanda.

Haji Ikram alifika kutoka Lahore na Saima, wamechelewa kwa sababu ya ukungu barabarani. Mtoto alimwangukia mama yake. Haji akaulizia mahali pa kutawadha, akaonyeshwa, akamiminiwa maji ya kopo hapo kizingitini, na alipomaliza akasimama mlangoni akijifuta mikono, Riasat yuko mbele yake amekaa kwenye kitanda cha kamba. Sidhani bwana yule alikuwa na nia mbaya. Watu wakikosa la kusema msibani husema lolote.

"Mungu amrehemu," alisema. Kisha akageuza shingo ndani. "Kazi hii, Riasat, bado naisimulia dukani kwangu. Humu mtu hapati kipande hata kimoja."

"Vipo," akasema Riasat.

"Viko wapi?"

"Kigoda kile pale. Ingia ukae, kwenye bomba. Utaviona."

Haji Ikram akaitazama sakafu iliyolowa, akaitazama shalwari yake nyeupe, akaikunja shali begani.

"Ah, hapana," akasema. "Naona vizuri tu kutoka hapa."

Riasat akaniangalia mimi. Nikainua ndoo zangu nikapita.